Jinsi ya Kualikwa Chakula cha Mchana na Kurudi na Kibendera

Basi mwaliko umefika. Klabu ya huduma mjini Bujumbura, iwe ya Rotary au ya Lions, inakukaribisha hotelini ueleze kazi ya shirika lako kwa dakika 20. Hongera. Ukitaka kurudi mikono mitupu lakini umepigwa picha, fuata maelekezo haya.

Fika saa sita kamili, kama kadi inavyosema. Utawakuta wahudumu bado wanatandika meza. Wanachama wataingia mmoja mmoja, kila mtu na habari zake za foleni ya mafuta; mafuta yakiadimika, aliyechelewa Bujumbura hana haja ya kutunga uongo. Humo ndani wote wanaitana marafiki, hata wanaodaiana.

Rais wa klabu atagonga kengele. Wageni watatambulishwa, kisha yaje matangazo, na matangazo ndiyo yatakayokula dakika zako. Zikibaki tisa, mukeke atateremshwa mezani. Samaki huyu wa Ziwa Tanganyika ni mtamu, na anayechambua miiba hawezi kukutazama. Mzee wa meza ya mbele atakuwa anatikisa kichwa taratibu. Usifurahi, anasinzia.

Anza na historia ya shirika. Soma slaidi zote 40, hasa zile zenye mishale na viduara. Umeme ukikatika, endelea kuueleza mchoro usioonekana. Tumia Kifaransa cha semina, kile cha kuwajengea walengwa uwezo. Yule mama wa Buyenzi ambaye binti yake amerudi shuleni kwa msaada wenu, usimtaje hata kidogo: atawaamsha watu. Zaidi ya yote, usitaje kiasi. Ukisema, "Tunahitaji madawati 30, na bei ya fundi ni hii," mtu anaweza kuuliza namba ya akaunti, na mpango wote ukaharibika.

Swali la kwanza halitakuwa swali, bali hotuba ya mtu aliyenyimwa nafasi wiki iliyopita. Msikilize kwa heshima. Warotary wana jaribio la maswali manne, lililotungwa na Herbert J. Taylor mwaka 1932, linalopima kama jambo ni la kweli na la haki. Kwa bahati nzuri, hakuna swali linalouliza kama msemaji amezidisha muda. Kengele ya pili italia, utakabidhiwa kibendera cha klabu, picha itapigwa.

Ila usiwadharau watu hawa. Rotary ilianzisha kampeni yake ya dunia nzima dhidi ya polio mwaka 1985, na Machi 2023 Burundi ilipotangaza mlipuko wa ugonjwa huo, wa kwanza kwa zaidi ya miaka 30, kila mtu alikumbuka kwa nini kazi ile haijaisha. Ombi lao tangu mwanzo ni fupi: matone ya chanjo kwa kila mtoto. Halihitaji mishale wala viduara. Ukialikwa tena, nenda, na useme habari ya madawati kabla samaki hajafika.