Shujaa wa Ree Mbili

Mpe mcheza poka ree mbili mkononi, naye husahau hesabu. Ana haki ya kujivuna: dhidi ya mpinzani mmoja mwenye karata zozote, ree mbili hushinda takribani mara 85 katika 100. Lakini tumtazame katika mchujo wa kutafuta nafasi za mashindano makuu ya World Series of Poker kule Las Vegas, ambayo kiingilio chake ni dola 10,000. Nafasi ni 10, wachezaji waliobaki ni 11, na kila anayefuzu hupata tiketi ileile, awe na mlima wa chipu au punje moja. Shujaa wetu anazo tele. Pembeni yupo mnyonge anayekaribia kufilisika. Tajiri mwenye chipu nyingi zaidi anasukuma zote katikati. Shujaa akimfuata na kushinda, anapata tiketi aliyokwisha kuishika. Akishindwa, anarudi nyumbani na hadithi ndefu ya jinsi bahati ilivyomwonea.

Atasema mwanamume hatupi ree. Wenye busara zaidi watasema asiyethubutu hapati, nao wana hoja: katika mashindano ya kawaida, chipu za ziada humsogeza mtu kwenye zawadi kubwa, na kutupa ree mapema ni woga mtupu. Ila mchujo huu hauna mshindi wa kwanza. Anayenunua hatari isiyoambatana na faida yoyote haitwi jasiri. Huitwa mteja mwema, na meza nzima humwombea maisha marefu.