Mahakimu wa Chumba cha Chini

Katika neema ziwezazo kumfarakanisha mtu na jamaa zake, mali hutajwa kwanza na mirathi hufuata. Walakini mimi, kwa tajiriba niliyoipata katika ardhi ya Sigowet, ningeongeza ya tatu, nayo ni chumba kilichobaki bila kazi. Mali ina hesabu yake na mirathi ina kadhi wake, lakini chumba kitupu hakina sheria wala msimamizi, na kila mwenye macho hukiona kuwa ni haki yake iliyocheleweshwa.

Mimi ni mtu wa Lamu kwa asili, mwalimu kwa kazi, na mkwe wa Wakipsigis kwa majaaliwa. Kwetu pwani nchi imelala tambarare, na nyumba za mawe ya matumbawe hupanda juu kwa orofa, hazishuki chini. Mgeni ana sabule yake, sahani za kauri zina vidaka vyake ukutani, wazee wana baraza yao, na ni nadra kuikuta pembe isiyojua wajibu wake. Sigowet ni mambo mengine. Hapa, penye ukingo wa nyanda za chai za Kericho, ardhi huinama kuelekea Soin na bonde la Nyando, na atakaye kujenga hana budi kuchagua: ama auchimbe mlima mpaka usawazike, ama aujaze upande wa chini kwa mawe na maramu, lori baada ya lori. Fundi wetu, mtu mwenye huruma kwa mfuko wa mwenzake, alitupa shauri la tatu: tusijaze kitu, tuinue ukuta wa mawe upande wa bondeni, tumwage zege juu yake, tutie mlango wa chuma, "na hapo chini, mwalimu, utaona mwenyewe cha kufanya." Ndivyo bonasi ya majani chai, ambayo aghalabu huja Oktoba na kuondoka Oktoba, ilivyotuzalia chumba ambacho hakuna aliyekiomba.

Nikaitisha baraza la nyumba, nikadhani nitapata rai; nikapata madai. Mimi mwenyewe, kwa kuwa nilikuwa mwenyekiti, nilijipa rukhsa ya kusema kwanza, nikaeleza faida za maktaba, mahali pa faragha ambapo mtu aliyestaafu aweza kusoma bila kuulizwa rimoti iko wapi. Kifungua mimba wangu alitaka studio ya kurekodia nyimbo za injili, akatukumbusha kwamba kuta za mawe huzuia sauti isitoke, hoja ambayo majirani wangeiunga mkono kwa moyo wote. Binti yetu alitaka kupanda uyoga, akahubiri kwamba uyoga hustawi katika mifuko ya mabua, penye kiza na unyevu; nasi tukamsikiliza kwa tashwishi, bila kutambua kwamba yeye peke yake ndiye aliyekichunguza chumba chenyewe kabla ya kukiombea kazi. Shemeji yangu, aliyekuja kututembelea na ambaye siku ya tatu tulimpa jembe kama ada inavyotaka, naye akalishukuru na kuliegemeza ukutani, alipendekeza tukikodishe. Alipoulizwa mpangaji ni nani, akajibu kwa unyenyekevu kwamba yeye yuko tayari kuanza, na habari ya kodi itazungumzwa bonasi ikitoka.

Mama mkwe hakusema nami, kwa maana heshima baina ya mkwe na mama wa mkewe hairuhusu kukabiliana ovyo. Alisema na mjukuu wake, kwa sauti ya kutosha watu wote, kwamba nyumba ya Kipsigis ya zamani ilikuwa na upande wa watu na upande wa mbuzi na ndama, na nafaka ilikaa darini karibu na moshi, na hakuna aliyepoteza usingizi kwa kujiuliza nafasi ni ya nini. Nilikuwa na majibu mawili mazuri, lakini njia ya kuyapeleka haikuwapo.

Mwisho wa hoja mke wangu akatoa yake, nayo ilikuwa fupi: mahindi. Kwa hoja yenye chakula ndani yake hakuna mjadala, na baraza likaafiki. Hata hivyo yeye si mtu wa kuamini ukuta kwa kuutazama. Alikumbuka mwaka 2004, ambapo katika Makueni, Kitui na wilaya za jirani zaidi ya watu 100 walifariki kwa sumukuvu, sumu ya kuvu waliojificha katika mahindi yaliyowekwa kabla ya kukauka. Naye alikwisha kufundishwa na afisa wa kilimo kwamba mahindi ya kuweka yasizidi unyevu wa asilimia 13 na nusu, na kwamba asiye na kipimo huchukua chupa kavu, akatia punje na chumvi kavu, akatikisa, kisha akatazama: chumvi ikishika kioo, mahindi bado yana maji. Basi akatia mahindi makavu ya juani, akatikisa, chumvi ikaanguka chini safi. Akayaacha mahindi yayo hayo katika gunia, ndani ya chumba chetu, mpaka mvua zikapita juu yake, kisha akarudia. Chumvi ikang'ang'ania chupa nzima. Huku ni Kericho, ambako mvua haikosi mwezi na hupenda kuja alasiri na mawe yake, na maji yashukayo mlimani yalikuwa yamekwisha kuupata ukuta wetu wa nyuma na kuukubali. Fundi alipoitwa alisema, kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kulipwa, kwamba hapo panataka mtaro wenye kokoto upande wa juu, na lipu mpya ndani.

Mtaro ukingali unachimbwa, viti vikafika.

Mke wangu ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama ambacho, kama vilivyo vikundi vingi vya nchi hii, kina mali inayokodishwa kwa harusi, harambee na matanga: hema, sufuria za kupikia watu mia, na viti vya plastiki vilivyopachikwa kimoja juu ya kingine hadi kugusa dari. Viliwekwa "kwa siku mbili tu". Plastiki haipati sumukuvu, wala hema haliulizwi unyevu wake, na alhasili siku mbili zile hazijaisha hadi leo. Mama mkwe, kuona mlango u wazi, akapanga humo vibuyu vyake vya maziwa ya mursik, vilivyosafishwa kwa kijiti cha sosiot na kupakwa makaa ya mti wa senetwet, maana maziwa hayo yapenda ubaridi na kiza. Na mbuzi mmoja akaingia kujikinga na mvua ya mawe, akayakuta makasha ya vitabu vyangu, akala kitabu cha sarufi akianzia na faharasa, jambo ambalo wanafunzi wangu hawakulifanya katika utumishi wangu wote. Kijana alirekodi wimbo mmoja. Katikati ya kibwagizo, safu ya viti ilianguka yote kwa kishindo, na hao waliousikia wimbo wamwomba arudie ile ngoma.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kwanza katika kata kupata habari. Mtu akifa usiku, alfajiri mlango wangu hubishwa kabla chifu hajaambiwa, na mimi, nikiwa na tochi na kanzu, huhesabu viti kwa niaba ya marehemu. Naona sasa jinsi hukumu ilivyopita. Kila mmoja wetu alikitaka kile chumba ili ajitenge na wenzake: mimi na vitabu, kijana na sauti yake, shemeji na jembe lake, na nafasi tupu haigawiwi na baraza, bali humilikiwa na yule atangulizaye mzigo, hasa mzigo wenyewe ukiwa ni wa watu wote, maana nani atathubutu kuwaambia waombolezaji wakae chini?

Mwezi uliopita nikasikia kwamba katika kumbukumbu za kikundi mahali pale paitwa "ghala yetu". Nikaandika barua kwa adabu zote, nikaomba pembe moja iliyo karibu na mlango, kwa ajili ya kusoma. Kamati ikakaa, ikajadili, na mweka hazina akaniletea majibu mezani pamoja na chai: ombi limekubaliwa, kiti ni shilingi kumi kwa siku, na kwa kuwa mimi ndiye mwenye nyumba, sitadaiwa amana.