Karibuni Sinema, Ubuyu Acheni Kwenu

Ukinunua projekta Kariakoo unapewa waya, rimoti na gharanti ya mdomo. Muuzaji hakwambii kwamba kuanzia usiku huo umefungua mgahawa.

Wangu umeshachangamka. Sebule yetu ina ukuta mmoja mweupe, mapazia mazito, sabufa pembeni, na makochi yote yameelekezwa upande mmoja kama viti vya daladala. Ndugu na majirani wanaiita sinema. Kila mtu anatazama filamu humo isipokuwa mwenye nyumba, ambaye yuko jikoni akitafuta bakuli la pili.

Kiini cha kero ni kwamba sebule ina sheria zake na sinema ina zake, na hazipatani. Sebuleni mgeni hakai mikono mitupu. Akiketi tu, hata kabla hajaulizwa habari za watoto, pawe na kitu mbele yake, walau maji. Sinema nayo inataka taa zizimwe na midomo ifungwe. Sasa mtu unamkirimu vipi gizani?

Adabu yetu ya kula inategemea mwanga. Kitu hutolewa na kupokewa kwa mkono wa kulia. Kwenye sinia kila mtu ana upande wake, na anayevuka mpaka kufuata mnofu wa mwenzake hutupiwa jicho moja tu, akarudi kwao. Mikono hunawishwa kwanza, mkubwa akitangulia. Zima taa uone kinachobaki. Bakuli la bisi halina upande wa mtu. Mkono ulioingia ni wa kulia au wa kushoto, Mungu peke yake ndiye shahidi. Ukisema watu wanawe, birika na beseni vizunguke sebule nzima, na jambazi ukutani agande mdomo wazi akisubiri foleni iishe.

Mlaji hodari simwogopi. Ninayemwogopa ni yule anayesema ameshiba. "Usihangaike shemeji, nimetoka kula sasa hivi." Kwa desturi zetu hilo si jibu, ni utangulizi. Inabidi nisisitize, akatae, nisisitize tena, ndipo akubali "kidogo tu, nisikuvunje moyo". Mchana mchezo huu una utamu wake. Usiku, wakati mpelelezi ameshafika mlangoni kwa muuaji, tunaumaliza tukakuta mtu ameshakamatwa, ameshtakiwa na anatumikia kifungo. Ukijifanya umemwamini ukampita, hazipiti dakika kumi utahisi vidole vyake kwenye bakuli lako.

Wapo wanaonifundisha kwamba bisi ndicho chakula cha sinema duniani kote. Hao hawajui kwamba huko Marekani kwenyewe majumba makubwa ya sinema yalikuwa yakizikataa. Enzi za filamu bubu majumba yalijitandikia mazulia ya fahari, na wenyewe hawakutaka makombo wala sauti za watu wakitafuna mbele ya picha isiyosema. Filamu za sauti zilipoanza kutamba, baada ya mwaka 1927, kelele za meno zikapata pa kujificha. Uchumi ulipodorora miaka ya 1930, wenye majumba wakagundua kwamba pakiti ya senti 5 au 10 inaweza kuwaokoa. Kwa hiyo bisi ziliingizwa sinema na njaa ya mwenye sinema. Kwangu zimeingizwa na njaa ya watazamaji, na senti 10 zenyewe sijaziona.

Wazee wetu hawakupata taabu hii. Filamu ya Kihindi ilikuwa na mapumziko yake katikati. *Sholay* ya mwaka 1975 inapita saa tatu, na hakuna aliyezimia kwa njaa: taa zikiwaka watu wanatoka, wananunua karanga na soda, wanarudi kulia pale walipoishia. Kwenye sinema ya magari ya Msasani, pale ulipo ubalozi wa Marekani leo, familia zilikwenda na vyakula vyao kutoka nyumbani, na kila gari likajitegemea. Kibanda umiza nacho kina akili hiyo hiyo. Unalipa kiingilio, unabanana kwenye benchi, ukitaka karanga unajinunulia. Sijasikia mteja akimuuliza mwenye kibanda kama chai iko tayari. Hata mpira una dakika 15 za kupumua. Filamu hizi za intaneti zinakwenda moja kwa moja, na mapumziko yanatangazwa na yeyote mwenye kiu.

Sasa nije kwenye ubuyu. Ninaupenda, tena ule mwekundu wa Zanzibar wenye pilipili na iliki. Lakini ubuyu una rangi, na una mbegu. Rangi inahamia kwenye vidole, kutoka vidoleni inahamia kwenye vitambaa vya makochi alivyovifuma mke wangu kwa mkono wake, na aliyefanya hivyo hajulikani kwa sababu kulikuwa giza. Mbegu nazo lazima zitemwe mahali. Asubuhi nimezikuta kwenye chombo cha maua ya plastiki, chini ya mito, hata ndani ya kiatu changu. Karanga za maganda ni dada yake ubuyu. Ndizi za pakiti zina mfuko unaopiga kelele, na mtu anayejali wenzake huufungua polepole, yaani anaisambaza kelele ile kwa dakika tano badala ya kuimaliza kwa sekunde moja. Kalimati sina ugomvi nazo, ila rimoti inao.

Mambo yote haya ni madogo mbele ya mama mkwe. Yeye anafika filamu ikiwa katikati. Taa zinawashwa, tunasimama, shikamoo zinapita moja moja, anapewa kiti kizuri, anasimuliwa filamu tangu mwanzo. Bisi hapewi, huo ni utani. Mama anapewa chai na sambusa za moto. Kisha, kama vile waigizaji walikuwa wanamsubiri atulie, yule kijana na yule binti ukutani wanaanza kusogeleana.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi halisi ya vitafunwa. Ghafla sebule nzima inajaa ukarimu. "Mama, ongeza sambusa!" "Chai imepoa mama, nikubadilishie?" Shemeji aliyeshiba anainama kuokota bisi sakafuni, moja moja, kwa uangalifu wa sonara. Rimoti, iliyokuwa pale sasa hivi, haionekani. Mama mwenyewe anatazama kikombe chake kwa heshima kubwa, anauliza iliki hii mmenunua wapi, na mazungumzo ya iliki yanaendelea mpaka wale wawili watakapoachana. Bila sambusa tungetazama wapi?

Kwa hiyo sipingi chakula. Napinga wakati wake na maganda yake. Nimepima vitafunwa vyote vilivyopita sebuleni kwangu, na kwa hukumu yangu kimoja tu kinastahili giza: mkate wa kumimina. Ni laini, haulii mdomoni, hauna mbegu, haubingiriki chini ya kochi, na ukikatwa vipande kila mtu anapata chake kwenye kisahani chake. Mipaka ya sinia inarudi hata taa ikiwa imezimwa. Sambusa zisubiri pembeni kwa dharura za kimapenzi.

Basi wapendwa, mnaokuja Jumamosi njooni saa moja, taa zikiwa zinawaka. Tutanawa, tutakula mezani, mtakataa na mimi nitasisitiza mpaka adabu itosheke. Saa mbili nazima. Atakayeona njaa baada ya hapo, jiko liko mkono wa kulia, swichi iko nyuma ya mlango, na vyombo anaosha mwenyewe.