Sifa za Ndago

Waridi limeimbwa vya kutosha. Asumini imeimbwa zaidi: imetungwa vikuba, imemwagwa kwenye vitanda vya maharusi, na ukiliondoa jina lake katika nyimbo za mapenzi za pwani, nusu ya watunzi watabaki hawana la kusema. Kilua nacho kina wapenzi wake. Siwaonei wivu. Naomba tu atakayebisha apite kwenye bustani yoyote ya maua ya nyumbani, Dar es Salaam au Tanga, mwanzoni mwa Oktoba, kiangazi kikiwa kimeshakula chake, atazame nani bado yuko kazini. Waridi limebaki miiba na majani machache yenye madoa. Asumini imejiegemeza ukutani kama mgonjwa anayesubiri kuitwa jina dirishani. Hata ukoka, ambao kwa kawaida hauna aibu, umekauka. Kisha inanyesha mvua ya kwanza ya vuli, ya usiku mmoja tu, na kabla ya wiki kwisha bustani nzima imechomoza vijani vyembamba, vinavyong'aa, vilivyonyooka. Mwenye nyumba anatoka na kikombe cha chai, anafurahi kuona kijani. Anainama.

Ni ndago.

Nasema tuipe haki yake. Mwaka 2022 vuli ilipochelewa, Mto Ruvu ulipungua na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao wa maji. Mwaka kama huo mwenye waridi hupata taabu ya dhamiri: ndoo hii ni ya kuoga au ya kumwagilia? Mwenye ndago hakosi usingizi kwa swali hilo. Ndago imelala ardhini ndani ya vijiazi vyake vyeusi, haidai samadi, haidai mpira wa maji, haidai kijana wa kuja Jumamosi na mkasi. Inangoja.

Wala msidhani namsifu asiyejulikana nje ya mtaa. Linnaeus aliipa jina la kitaalamu, Cyperus rotundus, mwaka 1753. Mwaka 1977 LeRoy Holm na wenzake walichapisha kitabu kinene kuhusu magugu mabaya kuliko yote duniani, na ndago wakaiweka namba moja. Haikuwekwa kapu moja na wengine. Ilipewa nafasi yake peke yake, juu kabisa. Ilikuwa imeripotiwa katika nchi zaidi ya 90, kwenye mpunga, miwa, pamba, mahindi na mboga. Angekuwa mwanariadha wetu ametwaa nafasi hiyo, tungempokea uwanja wa ndege kwa matarumbeta na waziri angepanga foleni kupiga naye picha. Ndago imerudi kimya kimya kwenye tuta la waridi, ikaendelea na kazi.

Fahari yake kubwa lakini haionekani juu. Vuta shina moja taratibu, udongo ukiwa umelowa. Libingirishe kwanza kati ya vidole, usikie kingo zake tatu, ujue si nyasi ya kawaida. Chini yake utakuta uzi mgumu unaokwenda hadi kwenye kijiazi. Kutoka hapo uzi mwingine unaelekea kijiazi cha pili, cha tatu, ukoo mzima umeshikana mikono gizani. Na ukoo huo una adabu. Wa mbele akichipua, walio nyuma hutulia wakingoja zamu. Mkubwa huwazuia wadogo wasikurupuke. Vikao vya ukoo ninavyovijua mimi havijafikia nidhamu hiyo. Sasa anakuja mwenye bustani na jembe. Ana hasira. Anakata, anageuza, anatifua, jasho linamtoka, na kila pigo linaukata mnyororo vipande. Kijiazi kilichotengwa na mkubwa wake hakina tena wa kukizuia, nacho kinachipua. Palipokuwa na mmoja aliyeamka na ndugu zake wamelala, sasa wote wako macho, na wamesambazwa hadi kona ambazo wenyewe wasingefika leo wala kesho.

Nionyesheni mmea mwingine unaolipa kazi ya mkono kwa uaminifu huo. Waridi ulilolipogoa kwa uangalifu laweza kukupa ua moja, au lisikupe. Ndago hulipa na riba. Mwenye bidii anavuna nyingi, mvivu anavuna kidogo. Wahubiri wa maendeleo wametafuta mfano kama huu miaka na miaka.

Maadui zake husema ina udhaifu, na kwa kuwa sifa zisizo na ukweli ni uchawa, nitawasikiliza. Wanasema vijiazi vikifukuliwa na kuanikwa juani hadi vikauke kabisa, hufa. Kweli. Wakati wa kufanya hivyo ni Julai na Agosti. Lakini Julai na Agosti ardhi ni ngumu, jembe linadunda, maua yenyewe yamekata tamaa, na ni nani atakayetoka kivulini kwenda kupalilia mahali ambapo haoni gugu? Tunaiacha ipumzike. Tunangoja vuli ilainishe udongo, ndipo tunaingia kwa nguvu zote, majira yale yale ambayo kuukata mnyororo ni kuupanda. Ndago haikutupangia ratiba hii. Ni ukarimu wetu wenyewe.

Wanasema pia haipendi kivuli. Kweli tena. Funika tuta kwa mmea unaotambaa haraka, matembele kwa mfano, nayo itadhoofika. Lakini mtu aliyejenga uzio, akaweka geti la maua ya chuma na taa mbili juu yake, hakufanya hayo ili mgeni akaribishwe na matembele. Wengine hutandika nailoni nyeusi. Ncha ya ndago huitoboa na kutokea upande wa pili bila hata kupinda. Wengine hupuliza dawa, majani yakageuka njano, sherehe ikafanyika, na vijiazi vilivyokuwa vimelala wakati wa kupuliza vikaamka baadaye na kuuliza kulikuwa na nini.

Kuna wanaosema haina faida. Hao nawapeleka Al Khiday, kando ya Nile Nyeupe nchini Sudan. Mwaka 2014 watafiti walichapisha matokeo ya kuchunguza ugaga uliogandamana kwenye meno ya watu waliozikwa pale maelfu ya miaka iliyopita, na ndani yake wakakuta dalili za ndago. Watu wale walikuwa na meno yaliyooza machache mno, na watafiti wakadokeza kwamba huenda ndago ilichangia, kwa kuwa huwazuia baadhi ya bakteria wanaotoboa meno. India na China vijiazi hivyo ni dawa ya jadi hadi leo, vinakaushwa na kuuzwa kwa bei. Waridi, pamoja na majivuno yake yote, halijawahi kusingiziwa kulinda jino la mtu.

Na ni mgeni mwepesi kumpata. Huhitaji kwenda kwenye vitalu vya barabarani kuchagua mche wala kubembeleza bei. Nunua tu udongo mweusi, ule mzuri unaoletwa kwa pikapu kwa ajili ya maua, na ndago itakuwemo humo humo, bila malipo ya ziada.

Juzi jirani aliyehamia karibuni alisimama getini akiutazama udongo wetu. "Shikamoo mzee. Udongo wenu mlaini jamani, na kila kitu kinaota! Naomba kiroba kimoja nikaanzishie asumini." Kumnyima jirani udongo ni aibu. Nimempa viwili.