Namna ya Kulirekebisha Pama la Babu Mpaka Lisitambulike

Matanga yameanuliwa, vitu vimegawanywa. Mjomba kapata shamba, shangazi kapata ng'ombe, wewe umeangukiwa na pama. Au hukurithi kitu: umeliokota kwenye soko la Karume au la Gikomba, chini ya robota la makoti. Ni la kijivu, ukingo umelegea kama sikio la mbuzi, na unataka livalike mjini kabla ya Jumamosi. Fuata hatua hizi.

Kwanza, usilichunguze. Ukilichunguza utagundua kwamba halikufumwa. Ni manyoya ya sungura, ya beva au ya kondoo, yaliyoshindiliwa kwa joto, maji na kukandamizwa mpaka yakashikana yenyewe. Ndiyo maana likipata mvuke hulainika na kukubali umbo jipya, na likipoa hulishika. Maarifa haya yatakuchelewesha. Na ukikuta ndani chapa ya Borsalino ya Alessandria, Italia, kiwanda kilichoanza mwaka 1857, ing'oe upesi kabla roho haijakusuta.

Pili, lifue. Fundi hulipangusa kwa brashi laini, akifuata ulalo wa manyoya. Huo ni uvivu. Wewe chukua beseni la maji ya moto na sabuni ya unga, ufikiche kwa nguvu zote. Joto, maji na msuguano ndivyo vilivyolizaa, kwa hiyo litadhani kiwanda hakijafungwa na litaendelea kushikana. Usishtuke likimtosha mtoto wa chekechea.

Tatu, lipe mvuke. Ndani kuna mkanda wa ngozi wenye kitai kidogo cha utepe, kinachoonyesha upande wa kisogoni. Fundi huufunua mkanda huo nje kwanza, kwa kuwa ngozi ikipata mvuke husinyaa na kukakamaa. Kisha hupitisha sehemu moja moja juu ya mdomo wa birika na kuikanda kwa vidole. Wewe usifunue kitu. Lifunike juu ya sufuria inayotokota, uende kibarazani ukapige soga.

Nne, lipe umbo. Fundi hulivika kwenye kalibu ya mti inayolingana na kichwa cha mwenyewe, akalifunga kamba na kulisubiri likauke. Kalibu ya nini, na mpira wa miguu upo? Mpira wa watu wazima una mzunguko wa sentimita 68 hadi 70. Kichwa cha mtu mzima ni kama 57. Tofauti hiyo itakuwa nafasi ya busara. Pama likikataa kuingia, livute. Baadaye, kila ukitaka kulivua, libane kwa mbele kwa vidole viwili, palepale kwenye mkunjo. Nyufa huanzia hapo, nawe usizicheleweshe.

Tano, punguza ukingo. Vijana wa mjini wanapenda ukingo mwembamba. Fundi angepima kuzunguka kichwa chote na kuchora alama kabla ya kukata. Wewe una jicho, na jikoni kuna mkasi. Upande mmoja ukizidi, upunguze. Wa pili ukizidi, nao uupunguze. Endelea kusawazisha hivyo hivyo mpaka upate baraghashia.

Sita, lihifadhi. Wenye kujali huliweka kichwa chini, ukingo juu, ili ukingo usipoteze mkao. Wewe litundike msumarini au lisukume nyuma ya kabati, ambako nondo wanaopenda manyoya watalikaribisha.

Imebaki familia. Siku ya arobaini mjomba atakutazama kichwani, atanyamaza kidogo, kisha atauliza pama la marehemu limekwenda wapi. Sikitika, tikisa kichwa, useme kazi iliharibiwa na fundi. Fundi hatajitetea, kwa sababu hayupo. Na hiyo ndiyo faida kubwa ya kutomtafuta tangu mwanzo.