Upepo wa Iringa Haupigi Hodi

Watu wa pwani, ambako mimi nilizaliwa na kulelewa na babu aliyekuwa nahodha, huzijua pepo kwa majina yake na kwa miezi yake: kaskazi ina zamu yake na kusi ina zamu yake, na baina ya hizo mbili kuna tanga mbili, wakati ambapo pepo hazijakata shauri, na nahodha mwenye akili hukaa barazani akanywa kahawa mpaka zikate. Walakini upepo wa Iringa, mji uliojengwa ukingoni mwa mlima, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, haukupata kufunzwa adabu hiyo; kiangazi chote hupanda kutoka bonde la Ruaha Ndogo bila ya hodi wala salamu, ukazoa vumbi la Ipogolo ukalitia katika kila chungu kisichofunikwa, kisha ukaanza kukagua nyumba moja baada ya nyingine, ukitafuta kitu chochote kilichosimama kwa ghururi.

Nyumbani kwetu vitu vya namna hiyo vilikuwa viwili, na vyote viwili vilipatikana kwa nia njema ya kujitosheleza, yaani kuishi bila ya kumwomba mtu na bila ya kuonwa na mtu. Cha kwanza kilikuwa geti la ua wetu: upana wake mita 4, kimo chake mita 2, milango yake miwili ya fremu ya chuma imezibwa kwa bati zito kutoka juu hadi chini, pasibaki hata tundu la sisimizi kuchungulia. Ndivyo yalivyo mageti ya mji mzima, kwani fundi yeyote utakayemwendea atakuuliza rangi uitakayo, na kama wataka mikuki juu yake au huitaki, lakini hatakuuliza kama wataka kuonwa. Mke wangu, Mama Zuhura, mzaliwa wa Kilolo na mtu wa maneno machache yenye uzito, alikuwa akisema kwamba geti ni sitara, na sitara ya nyumba ni jirani ajue kuwa mmekula, asijue mmekula nini.

Cha pili kilikuwa gari-nyumba la shemeji yangu, kaka wa Mama Zuhura, ambaye alizeeka katika malori ya barabara ya Tunduma. Katika miaka hiyo yote aliwaona wageni wa Ulaya na Afrika Kusini wakiifuata njia ile ile ya kale iliyotoka Cape kwenda Kairo kwa kupitia Mbeya, Iringa, Dodoma na Arusha, wamo ndani ya magari yenye kitanda, jiko na hata choo, wakilala wapendapo na kuamka watakapo, hawamwombi mtu godoro wala hawadaiwi shukrani. Tamaa ikamwingia. Alipostaafu alinunua basi dogo kuukuu la Kijapani, akang'oa viti, akatia kitanda, jiko la gesi na pipa la maji. Na kwa kuwa yeye ni mtu mrefu, ambaye hakuwa tayari kuinama ndani ya nyumba yake mwenyewe, aliinua paa kwa mbao za Mafinga akaliezeka kwa bati, hata kimo cha gari kikakaribia kuushinda urefu wa gari lenyewe.

"Shemeji," aliniambia siku alipolileta, akilipigapiga bati kwa kiganja, "asiyelala kwa watu hana deni la watu."

Safari ilipangwa iwe ya Mbeya, zaidi ya kilomita 300 kutoka kwetu, kwa kupitia Mafinga, Makambako na Igawa. Na kabla ya kufika Mbeya tungeshika mkono wa kushoto pale Chimala, tukapanda zile kona 57 za Matamba hadi uwanda wa Kitulo, ambao ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005 na ambao kwa wingi wa maua yake huitwa Bustani ya Mungu. Kwamba gari la namna ile lingeweza kupanda kona 57 lilikuwa jambo la kuaminiwa tu, wala si la kuthibitishwa, nasi tuliliamini. Tuliondoka asubuhi: shemeji kwenye usukani, mimi ubavuni pake, na Mama Zuhura nyuma pamoja na masufuria, ambayo njia nzima yalikuwa yakitoa maoni.

Tulipumzika kwanza Isimila, kiasi cha kilomita 20 kutoka mjini, korongo lililo mashuhuri kwa zana za mawe za watu wa kale na kwa nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na maji na upepo katika karne zisizohesabika. Shemeji alizitazama nguzo zile kwa kitambo, akasema kwamba upepo wa huku ni fundi hodari akipewa muda. Kwamba ni hodari zaidi akiwa na haraka tulikuja kulijua baada ya Ifunda, pale barabara inapotokea uwandani, na upepo wa kusini-mashariki, usiokuta mlima wala mti wa kuuzuia, ukatupiga ubavu wa kushoto, ambao ndio uliokuwa wangu.

Marehemu babu alikuwa akisema kwamba jahazi halizamishwi na upepo, bali na nahodha asiyetaka kupunguza tanga. Lakini paa la shemeji lilikuwa tanga lililopigiliwa misumari, halikujua kupunguzwa wala kushushwa. Kila lori lililokutana nasi lilikoroga hewa yote ya njiani, likatusukuma kwanza upande huu, kisha likatuvuta upande ule, nasi tukayumba hadi ukingoni mwa lami. Na shemeji, ambaye alitumia ujana wake ndani ya malori hayo hayo akiwayumbisha watu wa magari madogo, sasa aliwaapiza madereva kwa lugha iliyomlazimu Mama Zuhura kukohoa mfululizo ili kuifunika. Kabla ya Mafinga dirisha la paa, lililokuwa limefungwa kwa waya "kwa muda tu", liliona muda wake umetimia, likang'oka na kuondoka zake. Upepo uliingia kwa tundu hilo ukaukuta mfuko wa unga wa sembe haujafungwa vyema, na yaliyofuata hayahitaji maelezo, isipokuwa kwamba tulipofika Mafinga na kushuka sokoni, kina mama wenye viazi walituamkia "Kamwene" kwa taadhima ya pekee, wakidhani wamejiwa na wazee watatu wenye mvi mpaka kwenye kope.

Makambako ni mahali ambapo barabara kuu hukutana na reli ya TAZARA na kuachana na barabara ya Njombe na Songea, na katika makutano hayo upepo nao hauachi kuhudhuria. Hapo shemeji alilisimamisha gari penye uwazi, akakunjua turubai la kivuli alilolifunga ubavuni kwa mabomba ya chuma, kwa sababu wageni aliowaona hukaa chini ya turubai wakanywa chai. Turubai lilisimama muda wa kutosha maji kuchemka, lakini si wa kutosha chai kunywewa. Lilijaa hewa, likainuka pamoja na mabomba yake, likalivuta gari hata magurudumu ya upande mmoja yakaanza kusitasita juu ya ardhi, kisha likakatika, likavuka reli bila ya kutazama kulia wala kushoto. Usiku uliofuata hatukuulala. Kitanda kiliyumba, paa lililia, na mlango ulifunguka wenyewe kila tulipokaribia kupata usingizi, mpaka Mama Zuhura, ambaye hakuwa amesema neno tangu Ifunda, aliposhuka, akajifunga kitenge chake sawasawa, akaiendea nyumba iliyokuwa karibu akapiga hodi.

Mwenye nyumba, mzee wa Kibena, hakuuliza maswali. Alituonyesha mahali pa kuliegesha gari nyuma ya ghala lake la mahindi, akaamuru tupashiwe kande, akatutandikia mikeka ndani. "Na gari lenu nalo lilale," alisema, "naona limechoka kuliko ninyi." Basi watu waliokuwa wakitembea na kitanda chao wakalala juu ya mkeka wa watu, na yule asiyelala kwa watu ndiye aliyetangulia kukoroma.

Alfajiri simu ililia. Alikuwa jirani yetu wa Iringa, mzee wa Kihehe ambaye upole wake huzidi kila anapokuwa na habari mbaya.

"Kamwene, mwalimu. Geti lako liko kwangu."

Nikamuuliza limefikaje huko.

"Lilikuja jana jioni," alisema. "Halikupiga hodi."

Hivyo ndivyo kona 57 zilivyosalimika, nasi tukageuza gari, safari hii upepo ukitupiga ubavu wa shemeji.

Ilikuwa mvua ya kwanza ya msimu, ile ijayo na radi na mawe baada ya siku nyingi za joto. Katika mvua za namna hiyo hewa iliyopozwa juu ndani ya wingu zito huporomoka kwa kishindo, na ikifika chini, kwa kuwa haina pa kuendelea, husambaa pande zote kwa kasi, ikaezua mapaa na kuangusha migomba. Hesabu yake si ngumu, nami niliifundisha miaka mingi kwa watoto waliokuwa wakitazama dirishani: upepo wa kilomita 60 kwa saa ukilikabili geti la mita 4 kwa 2 lililozibwa, huliegemea kwa nguvu ishindayo uzito wa kilo 130, na upepo huo ukizidi kasi maradufu, nguvu haizidi maradufu bali mara nne, ikapita nusu tani. Nguzo zetu za matofali, ambazo aliyezijenga alizitia nondo moja moja na saruji kwa kubania, hazikuwa na hoja ya kupinga hesabu hiyo. Zilikatika shinani, na geti likaenda kulala juu ya mchicha wa jirani, ilhali lango lake yeye, la mianzi ile ile impayo ulanzi wakati wa masika, likiwa limesimama mahali pake, limelowa tu.

"Mkwawa aliangushiwa ukuta wake wa Kalenga na mizinga ya Wajerumani, tarehe 30 Oktoba 1894," aliniambia mzee huyo, tukiwa tumesimama mbele ya mchicha, "na hayo yameandikwa vitabuni. Wewe, mwalimu, umeangushiwa na hewa. Sijui hilo litaandikwaje."

Siku zile ambazo ua wetu ulikuwa wazi, mtaa mzima ulipita kutupa pole, na kila aliyetupa pole alitupa jicho jikoni. Hapakuwa na la kuficha wala cha kufichia: akiba yetu ilikuwa imeishia njiani, nasi tukawa watu wa maharage mchana na maharage usiku. Habari ikaenea, na kabla ya juma kwisha wakaanza kuja, huyu na viazi, yule na mahindi mabichi, wa tatu na nusu ya kuku iliyofunikwa kwa sahani. Mama Zuhura aliitafakari kadhia hiyo kwa makini. Miaka yote ya sitara hakuna mtu aliyepata kutuletea hata kitunguu, na si kwa uchoyo wao, bali ni kwa kuwa hakuna aliyepata kujua tumepungukiwa nini.

Basi fundi wa kuchomelea alipokuja, na timazi yake, pima maji yake na kijana wa kumbebea mashine, alizikuta fikra zimekwisha kulainika. Shemeji, ambaye hakulainika, alitaka bati nene zaidi na nguzo kubwa zaidi, ili upepo ukija tena ujue umekutana na nani. Fundi alimsikiliza kwa adabu, akasubiri umeme uliokatika urudi, akanywa chai yetu ya pili, ndipo akasema, "Mzee, upepo upe njia, utapita. Ukiuzibia, utapita na geti." Nguzo zilichimbiwa upya, zikatiwa nondo nne nne na zege la kokoto, bawaba zikawa nene, na komeo likashushwa hadi katika shimo la zege katikati ya njia, milango isichezecheze. Lililobaki likawa bati, na hapo Mama Zuhura akatoa hukumu: nondo tupu juu, nondo tupu chini, na katikati ukanda mmoja wa bati kwa kimo cha meko, ili mpita njia atuone sisi, nasi tumwone yeye, lakini sufuria ibaki na heshima yake. Hesabu ya malipo ilipoletwa niliona kwamba geti lenye chuma kidogo limekuwa ghali kuliko lile lenye chuma kingi, na nilipotaka kujua sababu, fundi alinieleza kwa upole kwamba bati ni kipande kimoja, lakini kila tundu lina vyuma vyake vya kuchomelea pande zote.

Ama gari-nyumba, shemeji ameliweka nyuma ya nyumba yetu, juu ya mawe, kwa muda tu, na Mama Zuhura amewatia kuku wake humo. Wakati wa utulivu hukaa kwa raha. Lakini jioni zenye upepo, paa linapoanza kulia, hutoka wote wakiongozwa na jogoo, wakapenya baina ya nondo za chini za geti letu jipya, wakaenda kulala katika banda la mianzi la jirani, na huko ndiko wanakotaga. Kila asubuhi mzee huyo hutuletea mayai katika kikapu, na mayai hayo hayapati kutimia, kwani, kama alivyokwisha kutufafanulia, nyumba zote za wageni za barabara kuu hutoza fedha ya chumba kabla ya mgeni kuondoka.