Sifa za Picha Iliyoharibika

Miongoni mwa kazi za mikono ya binadamu, ni chache zilizodhulumiwa kuliko picha iliyoharibika, yaani ile ambayo filamu ikishasafishwa huonekana imetikisika, imekosa fokasi, imemkata mpita njia kichwa au imeungua kwa mwanga uliozidi. Wapiga picha za mtaani, ambao huwanasa watu barabarani na sokoni bila kuwapanga, wanaimiliki kwa wingi kuliko mali yao nyingine yoyote, lakini huificha wageni wanapofika. Haki inadai isifiwe kama wasifiwavyo watukufu, kwa nasaba, kwa matendo na kwa fadhila.

Kwa nasaba, ni ya ukoo wa kale. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kijana Mfaransa Jacques Henri Lartigue alilipiga picha gari la mashindano kwa kamera yenye shata la pazia, yaani kilango ambacho ufa wake hupita mbele ya bamba hatua kwa hatua, hivyo sehemu za picha hazinaswi kwa wakati mmoja. Gari lilikatwa nusu, gurudumu likawa yai linaloinamia mbele, na watazamaji wakalala upande wa pili. Kwa kanuni yoyote ya ufundi huo ulikuwa uharibifu mtupu. Lakini kazi za Lartigue zilipoonyeshwa mwaka 1963 katika Jumba la Sanaa za Kisasa la New York, uharibifu huo ukaja kuhesabiwa miongoni mwa picha bora za mwendo kasi. Nayo kamera ya Leica, iliyoanza kuuzwa Ujerumani mwaka 1925 ikitumia filamu ya sinema ya milimita 35, ilimwezesha mpiga picha kufanya kazi huku akitembea, na mkono usiotulia ulipokutana na mtaa usiotulia, ukoo huu ukaongezeka bila kipimo.

Kwa matendo, ndiyo inayobeba wenzake. Robert Frank, mzaliwa wa Uswisi, alizunguka Marekani katikati ya miaka ya 1950 akipiga makumi ya maelfu ya picha, na kitabu kilichotolewa Paris mwaka 1958 kikachukua 83 tu. Zilizobaki zilitumika na kusahauliwa, kama desturi ya watumishi waaminifu. Tena, wahakiki wa Marekani walizilaumu hata hizo 83 kwa ukungu, chembechembe na upeo uliopinda, jambo linalothibitisha kwamba damu ya ukoo haikupotea.

Kwa fadhila, hakuna mwalimu mkweli kuliko huyu. Mpiga picha aliyesimama mbali mno, aliyebofya kabla kamera haijafika jichoni, au aliyetetemeka muuza samaki alipomgeukia, anaweza kuwaambia rafiki zake kwamba mwanga ulikuwa mbaya, lakini negativu, yaani ile nakala ya kwanza ambayo weupe wake ni weusi, imeandika woga wake bila kumstahi. Ikishamwaibisha humfariji: anatambua kwamba alikosea mbele ya soko zima na hakuna aliyekufa, hivyo safari ijayo husogea, husalimia, huomba ruhusa, na mkono hutulia kwa sababu hauna tena siri ya kulinda. Zaidi ya hayo, picha hii ina adabu ya kutojitokeza mapema, kwa kuwa filamu haionyeshi kitu mpaka isafishwe, na mwenye kamera, akiwa hana kioo cha kuinamia, hulazimika kuwatazama watu.

Wapinzani watadai kwamba kamera za kidijitali zimeikomesha. Hoja hiyo ni dhaifu, kwani kamera hizo haziizuii kuzaliwa, bali humpa mwenyewe kitufe cha kuizika kabla hajajua imekufa kwa ugonjwa gani. Kwenye filamu, kinyume chake, hukaa kati ya picha mbili nzuri katika kipande kimoja cha mkanda, imelipiwa bei ileile, na kila anayezitafuta hizo mbili ni lazima aipitie.

Anayetaka kuingia mtaani, basi, asiombe mkanda usio na dosari. Mkanda wa namna hiyo hupatikana kwa njia moja tu, nayo ni kuuacha ndani ya kasha lake, ambamo miaka itauharibu taratibu bila kumwachia mwenyewe hata picha moja ya kuonea aibu.